Shajara ya mradi: mashine ya kupukuchua mahindi yenye kinga zisizoachwa nyasini

Hapa naweka hatua za kutengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa kikundi cha wakulima jirani na Makambako. Injini wanayo tayari: dizeli ya S195, silinda moja, nguvu farasi 12 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Kazi yangu ni ngoma (silinda inayozunguka, yenye pini za chuma zinazogonga mahindi), wavu, fremu na kinga.

Kinga ndiyo hasa sababu ya kuandika. Mashine nyingi za aina hii zinazoletwa karakanani kwangu kutengenezwa zinakuja zikiwa wazi kila upande: mkanda nje, mdomo mfupi, ngoma unaiona ikizunguka. Wanaozilisha ni akina mama waliojifunga khanga na vijana waliovaa masweta ya mikono mirefu, maana Julai huku baridi haina mchezo. Nataka fundi mwingine akisoma aweze kunakili vipimo, na ajue chuma kipi kilikataa na kwa nini kilikataa.

12 Machi 2025: chuma na vipimo

Fremu ni ya chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene 5. Shafti milimita 40, beringi mbili za UCP 208. Urefu wa ngoma sentimita 90, na kipenyo kwenye ncha za pini sentimita 32. Wavu wa chini nimeutengeneza kwa vyuma vya mviringo vya milimita 10, nikaacha upenyo wa milimita 15 kati ya kimoja na kingine ili punje zipite na magunzi yabaki juu. Hayo yote yamekwenda bila shida.

Kilichochukua muda ni kujua ninanunua chuma gani. Viwanda vyetu huyeyusha chuma chakavu na kukigeuza nondo na chuma cha pembe. Pleti nyingi zinatoka nje ya nchi. Ludewa, ndani ya mkoa huu huu wa Njombe, kuna chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma, lakini pleti ninayoichomelea bado inapanda lori kutoka Dar es Salaam. Ikinifikia haina karatasi inayoeleza imechanganywa na nini. Kwa mtu wa geti na dirisha si tatizo kubwa. Kwa anayetengeneza kitu kinachozunguka mbele ya kifua cha mtu, ni tatizo.

Kipimo kilichopo karakanani ni grinda. Funga kipande kwenye jiriwa, zima taa, gusisha jiwe kidogo, kisha tazama cheche. Chuma laini hutoa cheche ndefu, zilizonyooka, zenye matawi machache mwishoni. Chuma chenye kaboni nyingi, kama springi ya gari, hutoa cheche fupi zinazopasuka karibu na jiwe na kutawanyika kwa wingi. Weka pembeni kipande unachokijua na ukigusishe kwanza, ndipo ulinganishe. Kipimo hiki hakitaji asilimia ya kaboni, ila kinatosha kutenganisha vyuma viwili ambavyo kwa macho vinafanana kabisa.

5 Aprili: ngoma ya kwanza

Ngoma imetoka kwenye bomba la inchi 8. Pini nimezikata kutoka springi za gari zilizochakaa: unene milimita 10, upana 20, zikasimama milimita 50 juu ya bomba. Springi ilichaguliwa kwa sababu hailiki haraka, na mafundi wengi wanaitumia. Zimechomelewa kwa rodi za kawaida za 6013. Kava la juu ni bati la geji 18, yaani milimita 1.2.

3 Mei: pini zinaruka

Injini ina puli ya inchi 5. Kwenye ngoma tuliweka puli ya inchi 10 iliyokuwa inapatikana hapa mjini. Hesabu yake ni nyepesi: 2,000 mara 5, gawanya kwa 10, unapata mizunguko 1,000 kwa dakika. Kwa kipenyo cha sentimita 32, ncha ya pini inakwenda karibu mita 16.8 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 60 kwa saa. Muhindi unagongwa na chuma kinachokwenda kasi ya basi.

Kabla ya kuwasha niliwapanga watu wote nyuma ya ukuta wa tofali, na mahindi ya msimu uliopita tukayamimina kwa ndoo iliyofungwa kwenye mti mrefu. Mtu yeyote atakayejaribu ngoma mpya afanye hivyo, hata kama anauamini mshono wake.

Mahindi yalipoanza kuingia vizuri ulisikika mlio mkali, kisha mwingine. Tulipozima na kufungua, pini tatu hazikuwepo. Mbili zilikuwa ndani ya wavu. Ya tatu ilikuwa imelipiga kava kutoka ndani hadi bati likatuna na kupasuka ufa wa kidole kimoja. Kava lilizuia, lakini kwa shida.

Nilichukua moja ya pini zilizokatika nikaitazama kwenye jua. Haikukatikia kwenye mshono wenyewe, bali pembeni yake, upande wa springi, na uso wa mvunjiko ulikuwa wa kijivu, wenye chembechembe zinazong'aa, bila dalili ya kupinda. Hapo ndipo jibu lilipo. Springi ina kaboni nyingi. Ukiichomelea, ukanda mwembamba pembeni mwa mshono unapata moto mkali kisha unapoa ghafla, kwa sababu chuma baridi kilichouzunguka kinaunyonya ule moto. Ukanda huo unakuwa mgumu kupita kiasi na unavunjika bila kupinda kwanza. Haidrojeni inayotoka kwenye rodi ya kawaida inaongeza uwezekano wa nyufa usizoziona.

Springi inachomeleka, ila kwa masharti: uipashe moto kabla, utumie rodi za 7018 (zenye haidrojeni kidogo) zilizokaushwa, uipoze taratibu. Karakana ndogo isiyo na oveni ya rodi wala kipimajoto haiwezi kuahidi hilo kwenye kila pini. Pini moja ya gramu 80, ngoma ikienda mizunguko 1,000, inavutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na kilo 12 kabla hata haijagonga muhindi. Sitaki kuiacha ishikwe na mshono ambao siwezi kuukagua.

Nondo nazo sikuzichukua. Nondo huuzwa kwa kuangalia itahimili mvuto kiasi gani ndani ya zege. Kuchomeleka kwake ni jambo jingine, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake.

Jambo la pili la siku hiyo lilikuwa chenga. Nilichukua kilo moja ya punje, nikachambua zilizovunjika, nikazipima: gramu 90.

24 Mei: ngoma ya pili na puli mpya

Ngoma sasa ni sahani tatu za pleti ya milimita 8 zilizoshikwa na shafti, na juu yake flati (vyuma bapa) sita za milimita 50 kwa 8. Pini ni chuma laini cha mviringo cha milimita 16, kilichopita kipimo cha cheche. Kila flati imetobolewa, pini ikapita kwenye tundu, ikachomelewa juu na chini. Jumla ni pini 54. Faida yake ni kwamba hata mshono wa juu ukifa, pini ina mwili ndani ya tundu na mshono wa pili nyuma yake. Haina njia rahisi ya kuruka. Zitalika mapema kuliko springi. Hilo nimelikubali, kwa kuwa pini iliyolika inaonekana kwa macho na kubadilishwa, na ufa uliojificha hauonekani mpaka siku unapoachia.

Puli ya ngoma ilibidi iwe inchi 16 ili mizunguko ishuke hadi 625. Ni ya chuma cha kusubu, mifereji miwili. Puli ya kusubu usiinunue kabla hujaisikiliza. Ipitishe kamba kwenye tundu la shafti, iinue ining'inie, igonge taratibu kwa nyundo ndogo. Nzima hulia na mlio unakaa kidogo. Yenye ufa hutoa sauti bubu na kunyamaza papo hapo. Ya kwanza kuletwa ilikuwa bubu. Tulipoipaka mafuta ya taa, tukaifuta na kuisugulia chokaa, mstari mwembamba ulijichora kutoka kwenye njia ya kii (mfereji wa kipande kinachofunga puli kwenye shafti) hadi mkono mmoja wa puli. Ilirudishwa dukani, tukapewa nyingine iliyolia vizuri.

Kusawazisha ngoma: weka vyuma viwili vya pembe vilivyolala sawasawa kwa pima maji, lazia shafti juu yake bila beringi, iache izunguke yenyewe. Upande mzito utashuka chini. Chomelea kipande cha uzito upande wa pili, rudia mpaka ngoma isimame popote unapoiachia. Ukiruka hatua hii mtetemo utakula beringi na kulegeza bolti za kinga, na kinga iliyolegea ndiyo inayovuliwa.

Kava jipya ni pleti ya milimita 2. Tulijaribu tena nyuma ya ukuta, mahindi ya ghala lile lile. Ncha ya pini sasa inakwenda mita 10.5 kwa sekunde. Nguvu inayoivuta pini nje imeshuka kutoka kilo 12 hadi chini ya 5, kwa sababu nguvu hiyo hufuata kasi mara kasi. Chenga zimeshuka hadi gramu 20 kwa kilo. Hakuna pini iliyotikisika. Puli kubwa imeokoa punje na imewaokoa watu kwa bei moja.

21 Juni: mdomo wa kulishia

Hapa ndipo mikono inapopotelea. Mlishaji anasukuma mahindi, yanakwama, anayafuata kwa vidole.

Kanuni ya kimataifa ya umbali wa usalama, ISO 13857, inasema tundu likiwa na kimo kinachozidi milimita 40 lakini kisichozidi 120, sehemu ya hatari iwe angalau milimita 850 kutoka kwenye tundu, maana mkono wa mtu mzima unaweza kuingia mpaka begani. Nikatengeneza mdomo wenye koo la milimita 120 na mfereji uliofunikwa wa milimita 850. Mara ya kwanza mteremko wake ulikuwa nyuzi 20. Mama mmoja wa kikundi, ambaye ndiye atakayesimama hapo msimu mzima, alimimina ungo wa kwanza, akangoja, akainama kuchungulia.

"Fundi, ni kweli mkono haufiki. Ila na mahindi nayo hayafiki."

"Yamekwama wapi, mama?"

"Hapa katikati. Sasa nisipochukua fimbo nitafanyaje? Na fimbo ikimezwa nayo?"

Alisema kweli. Kinga inayomlazimisha mtu kutafuta fimbo imehamisha hatari tu, kwa sababu fimbo ikishikwa na ngoma huvuta mkono au hurudi usoni.

Tulipandisha mteremko hadi nyuzi 35. Mahindi yakateleza, mtetemo wa mashine ukisaidia. Likazaliwa tatizo jingine: mdomo ulipanda na mama akawa anainua ungo juu ya mabega. Suluhisho halikuwa kuukata mfereji. Kikundi kilileta mbao na tukatengeneza jukwaa la kimo cha sentimita 30, pana la kutosha watu wawili, lenye ukingo wa nyuma ili mtu asirudi kinyumenyume akaanguka. Mwisho wa mfereji, kabla ya pini, tulining'iniza pazia la mpira lililokatwa kutoka mkanda mkuukuu wa mashine. Punje zinazorushwa nyuma zinapiga mpira na kuanguka, haziruki machoni.

Upande wa kutokea magunzi wengi huusahau. Gunzi likikwama pale, mtu hulivuta kwa mkono. Nimeweka bomba la mraba la sentimita 60 lenye mteremko, na mdomo wake unaelekea chini.

12 Julai: kava la mkanda na waya wa kuzimia

Kava la kwanza la mkanda lilikuwa bati zima, limefungwa kwa bolti nne. Lilifanya kazi kwa saa chache. Mikanda mipya hunyooka, ikaanza kuteleza, kijana akalivua kava ili asogeze injini, akamaliza, akawasha. Kava likabaki limelala kwenye nyasi. Simlaumu. Kulirudisha kulihitaji mikono miwili na bolti nne kwa marekebisho ambayo mwanzoni hufanywa kila siku.

Mambo matatu yamebadilika. Injini sasa inakaa juu ya reli zenye matundu marefu, na bolti ya kuvutia mikanda imetokeza nje ya kava, hivyo mikanda inakazwa bila kufungua chochote. Badala ya bati nimeweka wavu wa matundu ya inchi 1, uliosimama milimita 120 kutoka kwenye mkanda ili kidole kikipita kisifike. Mkanda unaonekana na joto linatoka. Na kava lenyewe lina bawaba iliyochomelewa kwenye fremu. Haliwezi kwenda nyasini.

Baada ya hapo kuzima. Mlishaji yuko upande mmoja, mkono wa mafuta wa injini uko upande mwingine. Nimetumia waya wa klachi wa bodaboda kutoka kwenye mkono wa mafuta hadi chuma chekundu kilichopita mbele ya jukwaa, usawa wa nyonga. Ukikisukuma hata kwa goti, injini inazima.

Lakini injini ikizima ngoma haisimami. Uzito wake unaiendesha, na ikiwa tupu inachukua karibu nusu dakika. Mtu mwenye haraka anafungua kava la ngoma ndani ya muda huo. Kufuli sikuitaka, ufunguo hupotea. Nimeweka bolti mbili za milimita 12 zenye nyuzi ndefu za milimita 60. Kila mzunguko wa spana unaitoa bolti milimita 1.75, kwa hiyo kila moja inataka zaidi ya mizunguko 30. Kijana mwepesi kuliko wote pale hakuweza kumaliza bolti zote mbili kabla ngoma haijatulia. Hii ndiyo sehemu ya mashine ninayoipenda zaidi, na imegharimu bei ya bolti mbili.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka sehemu za hatari za mashine zikingwe. Karakana ndogo kama yangu nayo ni mahali pa kazi, na ninachokitoa kinakwenda kuwa mahali pa kazi pa mwingine.

9 Agosti: shambani

Mashine imevutwa hadi kijijini na kuwekwa nje, upepo ukitupa moshi na vumbi mbali na jukwaa. Mahindi ya kwanza kuletwa yalikuwa bado na maji. Punje zilisagika pembeni na nyingine zikabaki kwenye gunzi. Kipimo cha bei nafuu ni chumvi kavu: chukua chupa ya kioo iliyokauka, weka punje na vijiko vichache vya chumvi, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Isipoganda, pukuchua, kisha endelea kuanika, kwani kiwango cha Afrika Mashariki cha kuhifadhi na kuuza ni asilimia 13.5. Yale mabichi yalirudishwa turubaini.

Nalisisitiza hili kwa kuwa punje iliyopasuka na yenye unyevu ndiyo mlango wa kuvu wa sumukuvu. Mwaka 2004 Kenya, Makueni na Kitui zikiwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi, watu 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara hapa kwetu. Kasi ya ngoma haihusu wingi wa magunia peke yake.

Kwa mahindi makavu tulipata karibu magunia 15 ya kilo 100 kwa saa, watu wawili wakilisha bila kukimbizana.

30 Agosti: gharama

Mashine yenyewe, bila injini, imekula shilingi 1,280,000. Vilivyokula zaidi ni pleti mbili za milimita 2 (250,000), chuma cha pembe (150,000), kijana wa kazi (150,000), flati za ngoma (96,000), puli kubwa (95,000) na shafti (85,000, na 60,000 za mkerezaji). Vilivyojaribiwa na kuachwa, yaani bomba la ngoma ya kwanza, springi, puli ya inchi 10 na bati la geji 18, ni 255,000. Anayenakili kuanzia hapa hana haja ya kulipa hizo.

Wavu, bawaba, waya na bolti ndefu ni 52,000. Ukijumlisha nusu ya pleti moja iliyokwenda kwenye mfereji, kinga zote hazifiki asilimia 9 ya gharama. Wateja wawili wameshaniuliza kama ninaweza kutoa kava na mfereji ili bei ishuke. Nimewajibu kwamba sitoi, na nimewaonyesha bati lililotunishwa na ile pini. Linaning'inia ukutani karakanani. Mmoja ameweka oda.

Pini za safu iliyo karibu na mdomo zimelika milimita 2 msimu huu, za katikati hata 1 haijafika. Kwenye mashine ya pili safu hiyo ya kwanza nitaifunga kwa bolti za daraja la 8.8 badala ya kuichomelea, ili mkulima abadilishe mwenyewe kwa spana. Matundu ya flati yameshatobolewa; bado kupata nati zisizolegea kwa mtetemo.